Upinde, mshale na upepo

Kwetu Wanande, kutoka vilima vya Butembo mpaka msitu wa Beni, upinde haukuwa kitu cha kuonyesha siku ya sikukuu tu. Ulikuwa chombo cha kuwinda, na kila chombo kiko na elimu yake. Elimu ya upinde, kwa sehemu kubwa, ni elimu ya upepo.

Sisi tunaofundisha fizike katika segondari tunaandika ubaoni: kitu kimerushwa, tusihesabu hewa. Hesabu inatoka safi. Lakini mtoto wa kijijini atauliza tu: "Mwalimu, na upepo je?" Ana haki. Mshale ni mwepesi, hewa inaushika. Upepo wa mbele unaupunguzia mwendo, unaanguka kabla ya kufika. Upepo wa nyuma unausukuma, unapita juu ya nyama. Ule wa ubavuni ndio mbaya zaidi, kwani unauhamisha pembeni tangu unapoacha kamba ya upinde mpaka mwisho.

Namna gani kusahihisha? Njia moja ni kulenga upande ule upepo unakotoka, ili upepo wenyewe uurudishe mshale. Lakini vilima vyetu havina upepo mmoja: Butembo iko juu ya mita 1.700, na upepo wa mgongo wa kilima si ule wa bondeni. Kwa hiyo mwindaji hatazami nyasi za miguuni pake tu, anatazama na zile zilizo karibu na nyama. Anafuata moshi, anaachilia majivu kidogo. Upepo ukizidi, anangoja.

Njia bora ni kusogea. Hapa wazee na fizike wanakubaliana: umbali ukipungua nusu, mshale unakaa hewani nusu ya muda, na kosa la upepo linabaki karibu robo. Mshale uliopotea nusu mita sasa unapotea sentimita 12 au 13 tu.

Lakini ukisogea, nyama itakusikia harufu. Basi mwindaji anakuja upepo ukimpiga usoni. Kumbe hapo amemaliza mambo mawili kwa mara moja: harufu inabaki nyuma yake, na mshale hausukumwi tena pembeni, unapunguziwa mwendo kidogo tu.

Jirani zetu Wambuti wa msitu wa Ituri wako na mshale wa sumu, mwepesi sana, ambao mkia wake ni jani, si manyoya. Juu ya kilima cha Butembo ungepeperushwa. Chini ya miti mikubwa upepo ni mdogo, wanapiga kwa karibu, na sumu ndiyo inafanya kazi ya nguvu. Kila nchi na mshale wake.

Hatusemi vijana warudi kuwinda. Nyama wamepungua, na Virunga ni hifadhi tangu 1925. Tunasema juu ya akili. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014, jamaa nyingi zilikimbia mashamba na msitu. Mzee aliyehamia mjini hana tena nyasi wala mti wa kumwonyesha mjukuu, na mambo haya hayakuandikwa popote.

Basi walimu wenzetu, mualike mzee mmoja darasani siku ya somo hilo. Asimame karibu na ubao, na wanafunzi waandike. Kisha wote watoke uwanjani, watazame majani ya migomba, waseme upepo unatoka wapi.