Sarafu ya Siri ya Baba Imani

Mimi nilidhani namjua mume wangu. Tuko mwaka wa tisa wa ndoa, tuna mtoto mmoja na boma moja kule Goba. Najua kiatu chake namba ngapi, najua mshahara wake unaingia tarehe ngapi, na najua kwamba akikohoa mara mbili kabla ya kuongea, basi kuna jambo. Septemba 2024, tukiwa mezani kwa shangazi yake mjini Sacramento, California, akakohoa mara mbili.

"Mama Imani," akasema, "kuna kitu changu nilimwachia shangazi tangu nikiwa mwanafunzi hapa."

Shangazi akainuka bila kuambiwa, akaingia chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo mlikuwa na soksi. Ndani ya soksi, sarafu ya dhahabu. Ya dola 20, imeandikwa 1876, inang'aa utafikiri imetoka kiwandani jana yake.

Aliinunua mwaka 2009 kwa dola 1,900, pesa za kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Miaka 15 alikuwa ameinyamazia. Na mimi, mwaka mmoja kabla ya safari ile, tulipokwama pesa ya kufunga lenta, nilikwenda Kariakoo kwa sonara nikauza bangili za dhahabu alizoniachia marehemu mama. Sonara aliziweka kwenye mizani, akabonyeza kikokotoo, akanihesabia pesa. Kwa ndani zilikuwa na herufi mbili za jina la mama. Herufi hazikuongeza hata shilingi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na Baba Imani akaniambia pole. Kumbe mwenzangu ana dhahabu kwenye soksi Sacramento!

Chakula cha usiku ule sikukimaliza.

"Nataka tuiuze," akaniambia tukiwa kitandani. "Tupaue nyumba. Lakini nataka kuiuza kule ilikozaliwa."

Ndivyo tulivyojikuta asubuhi ndani ya gari la shangazi, tukielekea mashariki, kwenye jimbo la Nevada, mji wa Carson City. Ni kama kilomita 210, barabara moja, namba 50. Wanandoa wenye amani wangeimba njia nzima. Sisi tulisikilizana tukipumua.

Baada ya mji wa Placerville tulichepuka kidogo kwenda Coloma. Ni kijiji kidogo kando ya mto, miti mirefu, kimya, watu wachache wanapiga picha. Hapa ndipo tarehe 24 Januari 1848 fundi aliyeitwa James Marshall, aliyekuwa anajenga kinu cha kupasulia mbao, aliona vipande vya kitu cha njano vinametameta kwenye mfereji wa maji. Ndani ya mwaka mmoja dunia nzima ilikuwa njiani kuja California. Juu ya kilima wamemjengea sanamu, ananyoosha kidole kuonyesha pale alipookota. Jamaa huyo huyo alikufa fukara. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka nimenuna.

Dhahabu ilipozidi kuwa nyingi, serikali ya Marekani ilihitaji sarafu kubwa ya kuibeba. Sheria ya mwaka 1849 ikaruhusu sarafu ya dola 20. Ile ya dola 10 ilikuwa inaitwa Eagle, kwa sababu ya tai wake, hivyo ya dola 20 ikawa Double Eagle. Ina uzito wa gramu 33.4, na asilimia 90 yake ni dhahabu. Kwa lugha ya sonara wetu ni karati 21 na ushee. Upana ni milimita 34. Ukiishika mkononi inakulemea kidogo, na hapo ndipo moyo unapoanza kupiga hesabu.

Tukaendelea kupanda milima ya Sierra Nevada. Baba Imani, kutaka kunilainisha, akaanza hadithi.

"Unawajua wale mtu na mkewe wa mwaka 2013?"

"Siwajui."

Akanisimulia. Walikuwa wanatembea na mbwa wao kwenye shamba lao, huku huku kaskazini mwa California. Wakaona kopo kuukuu linachungulia kwenye udongo. Wakachimba. Yakatoka makopo manane, na ndani yake sarafu za dhahabu 1,427, za kuanzia mwaka 1847 hadi 1894. Thamani iliyoandikwa kwenye sarafu zenyewe, ukijumlisha, ni dola 27,980. Thamani yake sokoni ilikadiriwa kufika dola milioni 10. Habari ilipotangazwa mwaka 2014 dunia ilipagawa, lakini wenyewe wakagoma kutaja majina yao. Mpaka leo hazina ile inaitwa Saddle Ridge, na aliyeizika hajajulikana.

"Unaona?" nikamjibu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu marefu ya kwanza siku ile. "Waliona pamoja. Wakachimba pamoja. Siri ilikuwa ya watu wawili."

Akanyamaza mpaka ziwa Tahoe.

Kuhusu ziwa hilo, sitasema mengi: ukitokea juu mlimani na kuliona kwa mara ya kwanza, la buluu, limezungukwa na misonobari, hata mtu aliyenuna anaomba gari lisimame. Tulikaa juu ya jiwe, tukala vitumbua vya shangazi. Hapo nikamuuliza swali lililokuwa linanikera: kwa nini mtu alipe dola 1,900 kwa sarafu ambayo dhahabu yake, kwa bei ya wakati ule, ilikuwa kama dola elfu moja tu?

Akaigeuza. Nyuma, chini ya mkia wa tai, kuna herufi mbili ndogo mno: CC.

"Carson City," akasema. "Mwaka 1876 kiwanda cha San Francisco kiligonga dola 20 zaidi ya milioni moja na nusu. Cha Carson City kiligonga 138,441. Dhahabu ile ile, uzito ule ule, tai yule yule. Tofauti ni herufi."

Nikafikiria herufi za mama kwenye mizani ya Kariakoo. Sikusema kitu.

Carson City ni mji mdogo kwa makao makuu ya jimbo, umekaa bondeni, nyuma yake milima mikavu. Kiwanda chenyewe bado kipo kwenye barabara kuu, jengo la mawe ambalo sasa ni makumbusho ya jimbo la Nevada. Kilianza kugonga sarafu mwaka 1870, kwa sababu ya madini ya fedha na dhahabu yaliyokuwa yanachimbwa jirani, Virginia City. Kiliacha mwaka 1893. Ndiyo maana vitu vyake ni adimu. Dola 20 za mwaka wake wa kwanza zilitoka 3,789 tu, na zilizobaki duniani ni makumi. Ukiona moja inauzwa, ujue bei yake ni ya nyumba, tena si ya Goba.

Ndani ipo mashine namba 1, ile ile iliyogonga sarafu ya kwanza. Ilitengenezwa Philadelphia mwaka 1869, ikaja ikafanya kazi, kiwanda kilipokufa ikahamishwa, ikazunguka viwanda vingine, mwishowe ikarudi nyumbani. Ni dude jeusi la chuma, refu kuliko mimi. Baba Imani alisimama mbele yake na soksi mfukoni kama mtoto aliyeletwa kwa bibi yake.

Kwenye makumbusho hayo nilielewa pia kwa nini sarafu hizi zimebaki chache hivyo. Tarehe 5 Aprili 1933, nchi ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wapeleke dhahabu yao benki, walipwe dola 20.67 kwa aunsi. Sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa, lakini nyingi za kawaida ziliyeyushwa kuwa vipande vya kuhifadhi. Mwaka ule ule kiwanda cha Philadelphia kilikuwa kimegonga Double Eagle 445,500 ambazo hazikuruhusiwa kutoka. Chache zikatoroka. Moja tu ndiyo imeruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, na Juni 2021 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 18.9. Kipande cha dola 20, jamani!

Kutoka makumbusho tukaenda kwenye duka dogo la sarafu tulilokuwa tumelipigia simu. Muuzaji ni mzee, suruali ya mkanda wa mabegani, sauti ya chini. Alitandika kitambaa cheusi, akaipokea sarafu kwa kuishika kingo tu, wala hakugusa sura yake. Akaipima kwenye mizani. Sawa. Akaiangalia CC kwa lenzi, muda mrefu, maana wapo matapeli wanaobandika herufi kwenye sarafu halali ya kiwanda kingine. Sawa pia. Halafu akaielekeza kwenye taa, akaigeuza polepole, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nani aliisafisha?"

Baba Imani akakohoa mara mbili.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Dawa ya meno na kitambaa. Nilitaka... " Akanitazama mimi, si mzee. "Nilitaka siku nitakayompa mke wangu iwe inang'aa. Ilikuwa imefubaa. Niliona aibu kuleta kitu kilichofubaa."

Wakati anainunua hata hatujajuana. Alikuwa hajui mke huyo ni nani, lakini alishaanza kumsugulia.

Mzee alitueleza bila kutukaripia. Ule weusi mdogo na ule ufifi ndio ngozi ya sarafu. Miaka mia moja na zaidi ndiyo iliyoupaka, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Kitambaa kinaacha mikwaruzo midogo midogo, jicho la kawaida halioni, lenzi inaona. Yapo makampuni makubwa mawili, PCGS na NGC, yanayokagua sarafu, kuipa alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Sarafu iliyosuguliwa hawaipi alama safi. Wanaandika tu kwamba ni halali, lakini imesafishwa. Na soko linasoma neno hilo kabla ya lingine lolote.

Akatoa bei: dola 3,300. Dhahabu peke yake siku ile ilikuwa kama dola 2,500. Kama isingesuguliwa, akasema, angeongeza zaidi ya elfu moja juu yake.

Tuliomba dakika kumi, tukatoka nje. Baba Imani akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima, msomaji. Nilikuwa nayo tangu Sacramento. Lakini nilipomwangalia, hotuba ikanikimbia, na badala yake ikatoka kitu nisichokipanga.

"Bangili zilikuwa tatu," nikamwambia.

"Zipi?"

"Za mama. Nilikwambia nimeuza zote. Niliuza mbili. Ya tatu iko Tanga kwa dada. Nilishindwa. Nikaona aibu kukwambia kwamba nyumba yetu inakwama na mimi nimeficha dhahabu."

Alinitazama muda. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, watu wawili kwenye ngazi za duka la watu, machozi yanatutoka. Mpita njia mmoja alituuliza kama tuko salama.

Hatukukubali bei ya kwanza papo hapo. Tulipiga simu kwenye maduka mengine mawili, moja likatoa pungufu, lingine likataka tuiache wiki nzima. Tukarudi kwa mzee. Alituhesabia pesa, akatuandikia risiti, akaiweka sarafu kwenye kijifuko. Baba Imani aliishika kwa mara ya mwisho, safari hii kingo tu. Zilikuwa karibu shilingi milioni 9 za kwetu. Jioni, tukishuka milima kurudi Sacramento, tuliimba.

Kama na wewe kuna mzee amekuachia sarafu kwenye kopo, nakuomba, usiiguse na kitambaa, wala maji, wala dawa ya meno. Ishike kingo. Ipime, uisome mwaka wake na herufi zake, nenda kwa zaidi ya mtu mmoja kabla ya kukubali bei. Na kama unanunua, usinunue dhahabu ya mtaani kwa kuambiwa ni adimu. Nunua iliyokaguliwa, ndani ya kasha lake, namba yake ukaihakiki mwenyewe. Lakini la kwanza kabisa, mwambie mwenzio. Hata kama imefubaa.

Nyumba ya Goba tumeipaua. Bangili ya tatu tuliifuata Tanga wote wawili, na ninapoandika haya iko mkononi mwangu, nyeusi nyeusi kwenye mapindo, herufi za mama kwa ndani zimejaa vumbi la miaka. Juzi usiku Baba Imani aliivua taratibu, akaiangalia kwenye mwanga, akaanza kutafuta kitambaa.

Nilimwangalia tu. Akairudisha mkononi.