Kompyuta ndani ya bidoni: fundi wa Bihambwe anaonyesha mashine, anaficha diski

BIHAMBWE, Masisi – Bidoni ni la manjano, la lita 20, sawa na yale yanayopangwa mstari kwenye bomba kila asubuhi. Lilianza kazi likiwa na mafuta ya kupikia, likachota maji miezi mingi kambini, mwishowe likatoboka chini. Sasa limekatwa upande mmoja kwa kisu cha moto na kufungwa bawaba mbili ndogo. Mwenye nalo akilifungua, watu wanaona kompyuta nzima: ubao mama, feni, diski, na nyaya zilizofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Pale mdomoni, mafuta yalipokuwa yakimiminwa, ndipo waya wa ekra unapotokea. Mkono wa kubebea umeachwa kama ulivyokuwa.

Fundi huyo ana miaka thelathini na kitu. Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya usalama wake. Mtaani wanamwita Papa Fundi, hata wazee wanaomzidi umri. Kazi yake ni sekretaria: anaandika barua, anatoa fotokopi, anachaji simu. Jumapili watu wakitoka kwenye ibada, anaweka meza nje, anafungua bidoni na kuacha kila mtu aangalie. Watoto huanza kwa kuuliza kama ndani bado kuna mafuta. Vijana wanauliza mambo mengine: memori ni giga ngapi, feni imetoka wapi, kwa nini plastiki haiyeyuki.

Anajibu yote. Memori ni giga 4, vipande viwili vya giga mbili mbili kutoka kwenye mashine mbili zilizokufa. Feni ni ya kompyuta ya tatu. Plastiki haiyeyuki kwa sababu alitoboa matundu chini ya kuingizia hewa baridi, na feni iko juu ikitoa hewa ya moto, kwa kuwa moto hupanda. Juu ya matundu ya chini ameshona kipande cha chandarua, maana vumbi la barabara ya Masisi halina huruma.

Kuonyeshana mashine si jambo lililoanzia Bihambwe. Tarehe 5 Machi 1975, kule Menlo Park, California, watu walikusanyika katika gereji ya Gordon French kuzungumzia kompyuta ambazo mtu angeweza kuziunganisha mwenyewe nyumbani. Mwaka uliofuata, Steve Wozniak aliwaonyesha wenzake wa chama hicho kompyuta aliyoiunda, ile iliyokuja kuitwa Apple I, na aligawa michoro yake bure ili mwingine naye aijaribu. Siku hizi wapenzi wa kazi hiyo huko Ulaya na Marekani wanatengeneza masanduku yenye ukuta wa kioo, taa za rangi, na mabomba ya maji ya kupoza mashine. Wanayapiga picha jinsi mtu wa Masisi anavyompiga picha ng'ombe wake mzuri.

Bidoni nalo lina historia yake. Mwaka 2011 wanafunzi wa shule ya ubunifu ya ENSCI, mjini Paris, waliweka kompyuta ya vipuri vilivyookotwa ndani ya bidoni la lita 20 wakaiita Jerry, kutokana na jina la Kiingereza la bidoni. Wazo hilo lilivuka hadi Togo na Côte d'Ivoire. Vijana wa WoeLab, mjini Lomé, walilipokea. Ni hapo hapo WoeLab ambapo mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou aliunda printa ya kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia mabaki ya kompyuta na skana. Papa Fundi aliona picha ya Jerry kwenye simu ya rafiki, Goma. Lakini yeye hakuchukua bidoni kwa kupenda umbo lake. Alilichukua kwa sababu ya kukimbia.

Mwaka 2024 mapigano yalipokaribia Bihambwe, alikuwa na kompyuta ya kawaida: sanduku la chuma na ekra ya zamani, ile nzito yenye mgongo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Rubaya, ambako ni karibu tu, iliingia mikononi mwa M23. Barabara ya Mushaki na Sake ilijaa watu. Mtu mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani habebi ekra. Papa Fundi alifungua skrubu nne, akachomoa diski peke yake, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaizungushia sweta ya mtoto. Diski ya namna hiyo haifiki kilo moja. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na pigo moja baya linaweza kuiua. Mke wake alibeba sufuria, yeye akabeba sweta. Ndugu zake walimwona mjinga.

Alipofika Bulengo, kando ya Goma, hakuwa na mashine ya kusomea diski hiyo. Alikaa nayo miezi, imefungwa hivyo hivyo, chini ya kichwa chake usiku. Asubuhi alikwenda Birere kubeba mizigo ya wenye maduka, na badala ya pesa zote aliomba vipuri vilivyotupwa. Ubao mama wa kwanza aliopewa ulikuwa umekufa kweli. Wa pili ulikuwa na ugonjwa unaotibika: vikopo viwili vidogo vya alumini vinavyotunza umeme, ambavyo mafundi huviita kapasita, vilikuwa vimevimba juu kama mkate. Alivitoa kwa chuma cha kuyeyushia risasi, akaweka vingine kutoka kwenye ule ubao uliokufa. Ukawaka.

Hapo ndipo anapowafundisha vijana jambo ambalo wengi hulikosea. Kwenye kikopo cha alumini, mstari uliochorwa pembeni unaonyesha upande wa hasi. Kwenye kapasita ya tantalu, ile iliyo kama kipande kidogo cha tofali, mstari unaonyesha upande wa chanya. Ukiigeuza inaweza kupasuka na kuwaka moto. Akifika kwenye neno tantalu, watu wazima husogea karibu. Tantalu inatoka kwenye koltani, na koltani ndiyo mawe meusi mazito yanayotolewa kwenye vilima vya Rubaya. Inakadiriwa kwamba machimbo hayo hutoa karibu asilimia 15 ya tantalu ya dunia nzima. Wengi kati ya wanaomsikiliza wamechimba, wameosha au wamebeba mifuko ya mawe hayo bila kuona yanakoishia. Yeye anawaonyesha kwenye ncha ya kidole, kwenye ubao aliouokota kwenye takataka. Kwenye kompyuta ya mezani tantalu si nyingi, na kwenye simu iko mara nyingi zaidi, lakini ipo. Mzee mmoja aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani bila kusema neno.

Umeme nao ulimtesa. Kompyuta ya kawaida hudai volti 220, kisha sanduku lake la umeme linazishusha kuwa volti 12, 5 na 3.3. Mwenye pano ya jua na batri ya volti 12 hulazimika kupandisha umeme hadi 220 kwa inveta, halafu kompyuta inaushusha tena. Kila hatua inakula sehemu ya umeme kwa bure, na katika ukungu wa Masisi hakuna umeme wa kuchezea. Papa Fundi aliruka hatua hizo mbili. Alipata kibao kidogo kinachopokea moja kwa moja umeme wa batri, kile kinachovumilia volti zikipanda batri inapochajiwa na zikishuka inapochoka. Ekra nzito aliiacha, akachukua ile bapa, inayokula umeme kidogo. Programu zote ni za bure, za Linux, kwa hiyo hamlipi mtu leseni na virusi vya flashi za wateja havimsumbui sana.

Lakini kinachomfanya mtu wa Bihambwe aheshimu bidoni hilo ni ile diski. Ndani yake zimo kazi za miaka: orodha za wanafunzi na bilteni alizowaandikia walimu, barua, picha za vitambulisho, na hati za kuuziana mashamba. Kambini mama mmoja alitaka kuandikisha binti yake katika shule ya Goma, akaambiwa alete karatasi. Karatasi zilikuwa zimeungua na nyumba. Papa Fundi alichapa upya bilteni ya mwaka uliopita. Haikuwa na mhuri. Mkuu wa shule mmoja aliikataa, wa pili aliangalia alama zote, akampa mtoto mtihani mdogo, akamkubali.

Mwezi Februari 2025 kambi za pembeni mwa Goma zilivunjwa na watu wakashika njia ya kurudi. Papa Fundi alirudi na bidoni mkononi, limefungwa kifuniko. Wanaoliona njiani wanadhani ni maji. Nyumbani hakukuta sanduku la zamani wala meza. Familia nyingine zilikuta jambo zito zaidi: mtu mwingine analima shamba lao. Nakala ya hati iliyo kwenye kompyuta, bila sahihi wala alama ya kidole, haimalizi kesi. Hata hivyo ina kitu ambacho wengi walikuwa wamesahau, yaani majina ya mashahidi waliosimama siku ya mauzo. Kwa majina hayo familia inajua imtafute nani, Minova au Goma, kabla ya kwenda mbele ya chefu.

Kwa sababu hiyo hiyo diski ni hatari. Majina ya watu, mashamba yao, shule za watoto wao, vyote viko mahali pamoja, katika eneo ambalo orodha ya majina imewahi kuleta kilio. Papa Fundi ameifunga kwa neno la siri refu. Ametengeneza nakala moja, na anayeitunza ni mtu mmoja tu. Jumapili, kabla ya kufungua bidoni mbele ya watu, anachomoa diski ya kazi na kuweka nyingine yenye nyimbo na picha za milima. Vijana wanaruhusiwa kugusa kila kitu kilichomo mezani, kuchomoa memori na kuirudisha, kuhesabu nyaya. Diski ya kazi hawaioni.

Familia zilizohama zinaweza kujifunza hapo bila kuwa na kompyuta. Karatasi ya shule, kitambulisho au hati ya shamba ipigwe picha vizuri mchana, pande zote mbili, na nakala ikae kwa ndugu aliye mahali pengine. Flashi ndogo hushonwa kwenye pindo la nguo. Majina ya mashahidi yaandikwe pia kwenye daftari, maana simu huibiwa.

Vijana wawili wa Bihambwe sasa wanakusanya vipuri vyao. Mmoja ameshapata ubao mama, na bado haujawaka. Wa pili hana kipuri chochote isipokuwa bidoni. Amelisugua kwa mchanga hadi likang'aa, amelikata vibaya upande mmoja, na Jumapili iliyopita alilileta tupu na kuliweka mezani kando ya lile la Papa Fundi, ili nalo lionekane.