Jina la Mwuzaji Nyuma ya Gari

Sajini mmoja wa Jinja, baada ya kuweka akiba kwa miaka tisa, alinunua gari lililokwisha kutumika Japani, likashushwa Mombasa na kuuzwa Kampala. Jamaa walipolizunguka kwa vigelegele, macho yake yalisimama nyuma, juu ya buti. Hapo mwuzaji alikuwa amebandika jina la duka lake kwa herufi nyekundu.

"Jasho ni langu," alisema. "Kwa nini nimtangazie mtu biashara yake bure?"

Papo hapo alichukua wembe. Herufi ya kwanza ilibanduka, lakini ikaacha mkwaruzo mrefu. Rangi ya gari ina matabaka, na lile la juu lenye kung'aa ni jembamba kuliko unywele. Chuma kikilichimba, sabuni hailirudishi.

Mkewe alitoka jikoni. "Baba watoto, weka wembe chini. Karatasi za chupa za jemu huwa nazitoaje?"

Alileta maji ya moto yasiyochemka, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya herufi kwa dakika chache. Gundi ikipata joto hulegea. Kisha aliinua pembe kwa ukucha, akavuta polepole huku akiikunja karatasi kwa nyuma, wala hakuivuta kwenda juu. Gundi iliyosalia aliipaka mafuta ya kupikia, akangoja dakika kumi, akaifuta kwa tambara laini bila kukandamiza. Mwisho alipaosha kwa maji ya sabuni, akapakausha, akapapaka nta.

Jirani mmoja, koplo wa polisi, alikuwa ameshauri petroli au tina. Mama yule alikataa yote mawili: petroli hurukia moto upesi, na tina hulainisha rangi yenyewe, hasa iliyopakwa upya gereji. Mafuta ya taa kidogo yangefaa kwa gundi sugu, mbali na jiko, baada ya kujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kisha paoshwe mara moja.

Jina la mwuzaji lilitoweka, ila mkwaruzo haukutoka. Kila Jumamosi sajini anapoosha gari, kidole chake huupitia. Siku moja mwanawe alimwuliza ni nani aliyeliharibu.

"Ni mimi," alijibu. "Mama yako alikuwa hatua kumi tu kutoka hapa, nami sikumwuliza."