Udugu na Magendo Katika Hadithi ya Moonfleet

Hadithi za Kiingereza zilizotungwa zama za Malkia Victoria, yaani tangu mwaka 1837 hata 1901, ni nyingi, na baadhi yake husimulia habari za magendo. Asiyezijua huenda akadhani kwamba ni hadithi za bastola na mapipa tu, za kuwafurahisha watoto. Mimi nazipenda kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila mwenye jamaa hulikuta siku moja: ndugu yako akiivunja sheria, una wajibu gani kwake?

Kwanza yafaa kufahamu mambo yalivyokuwa. Katika karne ya 18 Serikali ya Uingereza, kwa kutafuta fedha za vita, ilitoza ushuru mkubwa juu ya chai, pombe kali na bidhaa nyingine za ng'ambo. Ushuru wa chai ulifika kadiri ya asilimia 119, hata ukaipita bei ya chai yenyewe, mpaka mwaka 1784 Waziri Mkuu William Pitt alipoupunguza kuwa asilimia 12 na nusu. Basi watu wa pwani ya kusini wakaona faida kuleta mali kwa siri kutoka Ufaransa. Mwenye mashua alileta, wenye nguvu walibeba, mwenye ghala alificha, na wengine wote walinyamaza. Mtu aliyesema neno kwa askari wa forodha alikuwa amemsaliti mjomba wake au shemeji yake.

Thomas Hardy aliieleza hali hiyo vizuri katika hadithi fupi ya mwaka 1879, iitwayo "The Distracted Preacher". Mhubiri kijana apanga chumba kwa mjane mmoja, ampenda, kisha agundua kwamba usiku mwanamke huyo huvaa nguo za marehemu mumewe na kwenda pwani kupokea brandi pamoja na binamu yake. Mapipa wameyafukia shambani, chini ya mtofaa uliopandwa ndani ya sanduku, ambao huweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake. Mhubiri ajaribu kumwonya, naye ajibu kwamba ndiyo kazi ya wazee wake na ya kijiji chote. Kwake yeye, kuiacha ni kuwaacha jamaa zake.

Lakini hadithi iliyonigusa zaidi ni "Moonfleet", aliyoitoa Bwana John Meade Falkner mwaka 1898. Mambo yake yaanza mwaka 1757 katika kijiji cha Dorset. John Trenchard, yatima wa miaka 15, afukuzwa na shangazi yake, naye apokewa na Elzevir Block, mwenye nyumba ya pombe na mkuu wa wafanya magendo. Elzevir hana undugu wowote na mtoto huyo. Mwanawe mwenyewe, kijana wa rika la John, ameuawa kwa risasi ya hakimu Maskew katika msako wa magendo. Hakimu huyohuyo amnyang'anya Elzevir nyumba yake katika mnada, na siku moja aangukia mikononi mwake ufukoni. Elzevir ataka kulipa kisasi, lakini John ampenda binti wa hakimu, kwa hiyo aushika mkono wenye bastola, na risasi yaenda hewani. Punde askari walio juu ya jabali wapiga bunduki: hakimu afa, na John ajeruhiwa mguu. Elzevir ambeba kijana huyo na kupanda naye kijia chembamba cha jabali, ingawa angeweza kukimbia peke yake.

Baadaye John apata almasi yenye laana, aing'ang'ania, na tamaa hiyo yawafikisha wote wawili katika kifungo cha maisha huko Uholanzi, na chapa ya moto shavuni. Miaka kumi yapita. Mwishowe meli inayowachukua kwenda Java yavunjika mbele ya kijiji chao wenyewe. Kwa nguvu zake za mwisho Elzevir amsukuma John kwenye kamba ya waokoaji, na yeye achukuliwa na mawimbi.

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi nililelewa na mume wa shangazi yangu, mkulima wa ekari tatu, aliyenilipia karo kabla ya kujinunulia koti. Niliposoma habari za Elzevir kule jabalini, nilimwona mzee yule.

Na hapa ndipo niliposhika jibu la swali langu. Nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na nimeona ndugu akimjia karani ili aandikiwe risiti ya uongo. Husema, "Sisi si damu moja?" Karani akikubali, ndugu huondoka na fedha, na karani hubaki na kesi. Elzevir alikuwa mvunja sheria, wala kitabu hakimsifu kwa hilo. Lakini gharama ya upendo wake aliilipa mwenyewe, kwa nyumba yake, kwa uhuru wake na kwa roho yake. John ndiye aliyemlipisha mwenzake deni la tamaa yake, na alipolitambua hilo alikuwa tayari amevaa pingu.

Basi, msomaji mwenzangu, jamaa akikujia usiku na jambo la siri, usimfukuze kwa dharau, maana ni mtu wako. Msikilize, umpe chakula, umpe mahali pa kulala. Kisha jiulize ni nani atakayelipa. Akitaka ulipe wewe, au watoto wako, huyo hakuleta udugu. Ameleta bidhaa yake tu, na ushuru wake anakuachia wewe.