Gololi, Springi na Neno Kudhibiti

Neno kudhibiti na neno dhabiti ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Thabiti, ambalo wengi hulichanganya nayo, ni jirani tu aliyefanana nao sura. Undugu huo niliutafakari sana mwaka huu, nilipokuwa nikitafuta kidhibiti cha shinikizo kwa ajili ya gari langu, Subaru Forester kuukuu yenye tabo.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kufungua boneti, nieleze kidogo. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905, na kanuni yake haijabadilika. Moshi unaotoka katika injini, badala ya kupotea bure kwenye eksosi, huzungusha feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili mmoja na nyingine inayovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli huongezwa, na nguvu huzidi. Hatari ni kwamba jambo hili hujilisha lenyewe: nguvu huzaa moshi, moshi huzaa kasi, kasi huzaa nguvu tena. Ndiyo maana pakawekwa kijilango kando ya feni. Shinikizo likifika kiwango, hewa kidogo hupita katika mpira mwembamba, husukuma kiwambo chenye springi, kijilango kikafunguka, na moshi uliozidi ukapita pembeni. Kidhibiti cha mkono hukaa katikati ya mpira huo. Kazi yake ni kukiambia kijilango: ngoja kwanza.

Lugha yetu ina utajiri hapa. Wanafizikia walituundia kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno linalojieleza lenyewe. Vitabu vingine husema shinikizo. Gerejini ni presha, basi. Mama yangu, anayekunywa dawa kila asubuhi, aliposikia habari hii alicheka akasema, “Kumbe mwanangu, gari lako nalo lina presha!” Nikamjibu kwamba ndivyo, na dawa yake ni ileile: kuiwekea mpaka, maana ikiisha kabisa hakuna uhai.

Vidhibiti nilivyoonyeshwa vilikuwa vya aina tatu. Cha kwanza huvujisha sehemu ya hewa nje ili kijilango kihisi shinikizo dogo kuliko lililopo. Ni rahisi, lakini kijilango huanza kufunguka mapema, hata nguvu huja kwa kusitasita. Cha pili kina gololi iliyokandamizwa na springi. Hewa haipiti hata chembe mpaka iishinde springi. Ikiishinda, kijilango hupata habari yote kwa mara moja. Kuna na kitundu kidogo cha kutolea hewa iliyonaswa, nacho kikizibwa na vumbi kijilango huchelewa kujifunga. Cha tatu ni cha umeme, kinachofungua na kufunga vali kwa kasi, na kinaweza kufundishwa viwango kadhaa.

Fundi wangu, ambaye huniita mwalimu hata nikiwa nimeshika spana, hakuniuliza nataka nguvu kiasi gani. Aliuliza, “Mwalimu, gari hili linakwenda wapi?”

Linakwenda Mombasa. Kila muhula ukifungwa namfuata mama, naye hupanda nami Nairobi kwa ajili ya kliniki yake. Jibu hilo likabadilisha hesabu yote. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake hukandamiza kwa kama paundi 12 kwa inchi mraba. Mombasa ni karibu 14.7. Geji ya tabo huanza kuhesabu sifuri kutoka hewa ya pale ulipo. Ukiweka paundi 12 za tabo, Nairobi injini hupata 24 kwa jumla. Ukifika pwani, bila kugusa skrubu, hupata karibu 27. Geji haisemi neno. Huku juu tabo ndiyo inayohangaika, kwa kuwa inaizidisha hewa maradufu. Kule chini injini ndiyo inayobeba mzigo, tena katika joto. Mzigo ukipita kiasi, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hupasuka. Sikutaka kuusikia mgongo huo kati ya Mtito Andei na Voi, mama akiwa kiti cha nyuma.

Nilichagua gololi, nikijua udhaifu wake. Chombo hiki kinajua namba moja tu. Hakijui mwinuko, hakijui ubora wa petroli, hakisikii injini ikigonga. Tena huinyang’anya kompyuta ya gari kazi iliyokuwa ikiifanya. Anayekifunga amejitwika ulinzi huo yeye mwenyewe. Lakini ninaweza kukifungua, kukisafisha na kukielewa. Kwa hiyo tulinunua geji kwanza, tukabadilisha mipira yote iliyochakaa, maana mpira wa kijilango ukichomoka tabo haina wa kuizuia. Ndipo tukaanza na skrubu iliyolegezwa kabisa, tukakaza robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukasimama kwenye paundi 10. Kipimo kiliwekwa Nairobi, lakini kwa kuifikiria Mombasa.

Sisi tunaotunga kwa mizani hatuhitaji kufundishwa faida ya kikomo. Mizani nane katika kipande hazimpunguzii mshairi pumzi, humkusanyia. Nikaandika ubeti huu:

Kani ikizidi kimo, chombo huvunjika hima,
Pima kwanza kilichomo, kwa jicho lililo jema,
Kila kitu na kikomo, hata chuma huungama,
Nguvu isiyo kipimo, ni moto unaochoma.

Limebaki deni moja la lugha. Kile kijilango nimekiita kijilango kwa kukosa jina bora. Mafundi hutumia neno la Kiingereza kwa matamshi yao. Kinachofunguka ili chombo kisivunjike kinastahili jina lake. Mwenye nalo, au mwenye uwezo wa kulibuni, namkaribisha atupe.