Mbuzi Hafungui Fundo

Mtu aliyefungwa kwa kamba ndefu hutoka upesi kuliko aliyefungwa kwa kamba fupi. Wengi hudhani ni kinyume. Mzungushie mtu mita 20 za kamba kutoka mabegani hadi miguuni, atakuwa na sura ya kutisha kweli, lakini kila mzunguko unaacha mwanya kidogo, na mianya hiyo ikijumlishwa inakuwa mlango. Akiwa mjanja atajaza kifua hewa wakati anafungwa, kisha ukimpa kisogo anaitoa pumzi taratibu na kamba inamlegea. Mfunge sasa kwa kamba fupi tu kwenye vifundo vya mikono, uipitishe kamba katikati ya mikono na kuikaza. Hapo ana kazi ya usiku mzima.

Harry Houdini alilijua hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa karibu na mwisho wa maisha yake, alitoa kitabu kizima kuhusu kamba na jinsi ya kujinasua. Mimi nalijua kwa sababu nalipwa kulijua.

Kazi yangu, kwa mwaka na nusu sasa, ni kuandika skripti za video za watu waliofungwa kamba wakijaribu kujifungua. Ndiyo, zipo. Zina watazamaji wake Marekani, Ulaya na Japani, watu wazima wanaolipa kwa kila video, na wengi wao ni wakali kuliko mhariri yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Usinikodolee macho hivyo. Kwenye hizi ninazoandika mimi, hakuna anayevua hata soksi. Kuna kiti, kamba, saa ya ukutani na mwanamke mmoja mwenye hasira. Huyo mwanamke ndiye mteja wangu. Anaigiza mwenyewe, mwenzake anafunga na kushika kamera, mimi naandika nikiwa bedsitter huku Kahawa West, tokeni za stima zikiwa zimebaki uniti tatu.

Chuo nilitoka mwaka wa tatu, karo ikiwa imeshinda familia. Nikaingia kwenye kazi ambayo nusu ya rika langu waliingia: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Halafu akili unde ikaja, na kazi zile zikakauka kama kisima cha Januari. Nilipopata tangazo la mtu anayetafuta mwandishi wa "hadithi za kutoroka", sikuuliza kutoroka kutoka wapi.

Shida aliyoniletea ilikuwa moja: watazamaji hawaamini. Skripti alizokuwa akiandikiwa na wengine ziliisha kwa kisu kilichosahauliwa mezani, au fundo lililofunguka ghafla baada ya kuvutwa mara mbili. Watu waliandika kulalamika. Walisema yule aliyemfunga ni mjinga, na mjinga hatishi mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kutoroka kunaanza kwa yule anayefunga. Kwa nini amemfunga hivyo? Alikuwa na haraka? Alikuwa na kamba gani? Mwizi aliyekutwa na mwenye nyumba anatumia chochote kilicho karibu, na anafunga akisikiliza mlango. Atakaza sana mizunguko ya kwanza na kuharakisha ya mwisho. Basi udhaifu wa kamba yake uko mwishoni, kwenye haraka yake. Ukishajua hivyo, huhitaji kisu mezani. Mtazamaji ameshauona mlango tangu dakika ya kwanza, hajui tu kwamba ni mlango.

La pili lilitoka kwa Houdini na mdogo wake, Theodore, aliyetumia jina la Hardeen jukwaani. Zamani walijifungua wakiwa nyuma ya pazia. Watu walikaa, bendi ikapiga, kisha msanii akatoka akiwa huru. Wengine walishuku kwamba kuna mtu huko nyuma anamsaidia. Hardeen alipojaribu kujitoa kwenye koti la kufungia wagonjwa wa akili mbele ya macho ya watu, bila pazia, akigaragara sakafuni na kutokwa jasho, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Houdini naye akaacha pazia, na baadaye akawa anatundikwa miguu juu nje ya majengo marefu, watu maelfu wakiwa barabarani wakimtazama anavyohangaika. Kwa hiyo kwenye skripti zangu kamera haitoki mikononi. Kidole kinapapasa, kinapata ncha ya kamba, kinaipoteza. Hilo la kuipoteza ni muhimu. Mtu asiyeshindwa hata mara moja hatuna haja ya kumwombea.

La tatu nililipata nyumbani Kilifi, na sikuwa hata natafuta. Babu yangu anafuga mbuzi, anawafunga kwa kamba ya mkonge. Nilimuuliza tu, kwa mazungumzo, kama mbuzi huwa wanafungua fundo.

"Mbuzi hafungui fundo, mjukuu wangu," akasema. "Ana akili kuliko wewe. Anang'oa kigingi."

Nilirudi Nairobi na sentensi hiyo kama pesa mfukoni. Skripti iliyofuata, mwanamke wangu hakugusa fundo hata kidogo. Alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kitanda cha mbao, na kwa dakika kumi na mbili alikuwa akiusukuma mguu ule kwa kisigino, akipumzika, akisukuma tena. Fundo lilibaki zima hadi mwisho. Alitoka nalo mkononi. Mteja aliniongezea dola tano bila kuombwa.

Ila kuna kitu hakionekani kwenye video, na ndicho kilichonifanya nibaki na kazi hii. Kamba ni hatari. Mshipa wa fahamu wa mkono unapita karibu sana na mfupa, sehemu ya juu ya mkono, na kamba ikiukandamiza vibaya mkono unaweza kulegea, kiganja kikashindwa kuinuka kwa wiki au miezi. Kwa hiyo nyuma ya kamera kuna mkasi wenye ncha butu, wa kukata nguo za majeruhi. Kuna neno la kusimamisha kila kitu, na ishara ya mkono iwapo mdomo umefungwa. Aliyefungwa haachwi peke yake chumbani, hata sekunde ya kwenda kufungua mlango. Hofu unayoiona ni ya kuigiza kwa sababu usalama ulioko nyuma yake si wa kuigiza.

Basi Desemba 2024 ilinikuta nikiwa na hiyo kazi.

Unakumbuka. Vijana walikuwa wakichukuliwa. Tangu maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha, watu walikuwa wakikamatwa na wanaume waliofunika nyuso, na mwezi ule wakawa wanachukuliwa wale waliochapisha picha za katuni mtandaoni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 tangu Juni, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Rika langu lile lile. Simu yangu ilikuwa imejaa mabango yenye sura za watu wa miaka 22, 24. Na kwenye kompyuta nilikuwa na agizo la mteja: gari lisilo na namba, wanaume wawili, kofia za kufunika uso.

Rafiki yangu, ambaye tuliachana na chuo muhula mmoja, alilisoma begani mwangu.

"Buda, hii utaandika?"

"Ni kazi."

"Najua ni kazi. Nauliza kama utaandika."

Sikuweza. Si kwamba niliona kazi yangu ni chafu ghafla. Niligundua tu kwamba kila kanuni niliyokuwa nimejiwekea ilikuwa haina maana pale. Anayefunga hana haraka. Hakuna mwanya wa mwisho, hakuna kigingi. Na mapema Januari, baadhi yao walipoachiliwa, hakuna aliyekuwa na hadithi ya kutoroka. Walitolewa tu, wakarudi kwao, na wengi hawakutaka kuongea. Mlango ulifunguliwa na yule yule aliyeufunga. Skripti ya namna hiyo mteja wangu angeirudisha: haiaminiki, mhusika hafanyi chochote.

Sanaa ya kamba yenyewe ina asili hiyo. Huko Japani, enzi za Edo, kulikuwa na ufundi wa polisi wa kumfunga mshukiwa kwa kamba, hojojutsu. Karne ya 20, wachoraji kama Ito Seiu wakauchukua na kuupeleka kwenye picha, na baadaye watu wazima wakaufanya mchezo wa kukubaliana. Kamba ile ile. Kilichobadilika ni kwamba aliyefungwa sasa anaweza kusema basi, na basi yake inasikika.

Nilimwandikia mteja kwamba magari na kofia sitaandika, na nikamweleza kwa nini, kwa sentensi nne. Nilitarajia kupoteza kazi. Alijibu baada ya siku mbili, akauliza kama niko salama, kisha akaomba niandike mwizi wa kawaida, au jirani mwenye wivu.

Tangu wakati huo naongeza ukurasa mmoja kwenye kila skripti, baada ya neno "Mwisho". Naandika kufunguliwa. Nani anafungua, anaanzia wapi, mikono kabla ya miguu. Maji yako upande gani. Kamba ikatwe bila kuulizwa gharama yake. Mwanzoni aliniambia ukurasa huo hahitaji kunilipia, kwa kuwa hauonekani kwenye video. Nikamwambia sawa, ni wa bure. Mwezi uliopita alinitumia picha: ukurasa ule umechapishwa, umebandikwa ukutani karibu na mlango, na chini yake umetundikwa ule mkasi.