Chai ya Asubuhi, Kericho na Ng'ambo

Mtu atokaye Kericho kwenda Bomet alfajiri huona mashamba ya chai yamefunikwa na ukungu, yamekatwa sawasawa kama yaliyopimwa kwa kamba. Nchi hiyo iko juu, yapata meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si haba. Kabla wachumaji hawajaenda kuchuma majani mawili na chipukizi lake, katika kila nyumba ya Wakipsigis sufuria imekwisha kutelekwa: maji, maziwa, majani na sukari, vyote huchemshwa pamoja. Mgeni abishaye hodi haulizwi kama anataka, humiminiwa kikombe. Na penye heshima kubwa hutolewa mursik, maziwa ya mgando yatokayo katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet.

Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na tangu hapo vijana wengi wa Kenya wameifuata njia hiyo ya ng'ambo. Kijana wa nchi ya chai afikaye Marekani hukuta mezani nafaka kavu iliyomwagiwa maziwa baridi, na kahawa. Akifika Uingereza hukuta chai, lakini imo katika kifuko cha karatasi, na maziwa baridi huongezwa baadaye, kidogo tu. Yamkini majani yale yametoka katika vilima vya kwao, naye hayatambui.

Walakini taabu kubwa si ladha, bali ni adabu. Mwenyeji humwuliza, "Utakula zaidi?" Kijana, aliyezoea kusihiwa, hujibu, "Nimeshiba." Huko neno la mtu huaminiwa mara moja, sahani huondolewa, naye huenda darasani na njaa mpaka saa saba. Siku ya tatu hujifunza kusema, "Ndiyo, asante," ingawa aona haya.

Kujifunza hayo si kosa. Kosa hutokea arudipo nyumbani, mama yake ampe kikombe, naye aagize maziwa yawekwe kando. Mama hatasema neno, lakini atakuwa ameumia moyoni. Aliyeelimika kweli hukipokea kikombe kwa mikono miwili, hunywa, kisha huomba cha pili bila ya kungoja kusihiwa.